Harusi Aliyoisikia Dada Yangu

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. La, nimekosea. Kumi na saba ndio mwaka tuliopiga kura mara mbili, na hapa kwetu Mtongwe watu waliahirisha shughuli zao wakingoja nchi itulie. Harusi ya Jalila ilipangwa mwaka huo, ndiyo maana ulimi wangu huukimbilia, lakini ilifanyika mwaka uliofuata, wa kumi na nane, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika. Mniwie radhi. Mimi ni mtu wa kutembea, na mtu wa kutembea husahau alipoiacha fimbo yake, seuze miaka.

Ninayetaka kumweleza ni dada yangu Mwanasaumu, niliyemwachia ziwa. Hakuwa mtu wa kutajwa redioni. Alikuwa mpishi wa shughuli. Lakini Likoni nzima ilimjua, na kadi ya harusi ikifika nyumbani kwa mtu, aghalabu swali la kwanza halikuwa nani anaoa wala nani anaolewa. Watu waliuliza nani anapika. Wakiambiwa ni Mwanasaumu, hata wenye ugomvi na wenye harusi walikwenda.

Kazi yake ilikuwa nyuma ya ukumbi siku zote. Mbele kuna mapazia na mataa, nyuma kuna mafiga, moshi, na sufuria ambazo haziinuliwi na mtu mmoja. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mvuke mpaka kwenye viwiko. Na kwa kuwa alikuwa nyuma siku zote, harusi alizijua kwa masikio. Siku moja nilikwenda kumpelekea kuni, nikakaa naye kidogo, akanifundisha. Akasema, vigelegele vifupi vifupi, hao ni wageni wa upande wa bwana wanaingia. Makofi, hao wanamchezea somo, kungwi wa biarusi. Vigelegele virefu vinavyopokezana, kimoja hakijafa kingine kimeshapanda, basi biarusi ameingia. "Hapo ndipo napakua," akaniambia. Na kweli, viliposikika alisimama, akafunga leso kiunoni, wali ukapakuliwa ukiwa wa moto. Nilimwuliza kama amewahi kumwona biarusi hata mmoja. Akacheka, akasema kwani wali hupikwa kwa kumwona biarusi?

Mumewe alifariki Jalila angali ananyonya. Mtoto yule alikua kwenye harufu ya iliki na bizari, na kila alichovaa kilitoka sufuriani. Alisoma mpaka kidato cha nne, akajifunza kompyuta, akawa anawapigia watu chapa barua zao za kuomba kazi. Mimi wakati huo nilikuwa bawabu katika ghala moja la mafuta kule Changamwe, na ofisi yetu ilipotupa kompyuta zake kuukuu nikamwombea moja. Nikaileta kwa mkokoteni, nikavuka nayo feri, watu wakiniuliza mzee umenunua televisheni. Ilikuwa na skrini nzito yenye kisogo kirefu. Jalila aliifurahia mno. Aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, na mamake akaipa nafasi ya heshima sebuleni, pale palipokuwa pamekaa kabati la vyombo.

Sasa harusi. Jalila aliposwa na Mansur, kijana wa Kisauni, mtunza stoo katika hoteli moja huko Bamburi. Kijana mzuri, sina neno naye. Nikaha ilisomwa mchana, na jioni ikawa kupamba, ile shughuli ya wanawake watupu. Asiyeijua nimweleze: mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele huachwa wazi, dhahabu na hina huonekana, na biarusi huingia amepambwa ili wanawake wenzake wamtazame. Simu huachwa kwenye kikapu getini. Mwanamume hakanyagi, na picha zake mwanamume hazitazami, awe mdogo awe mkongwe kama mimi. Mimi Jalila nilikuwa mjombake, yeye ningemwona bila dhambi, lakini mle mmejaa wake na binti za watu.

Kwa hiyo video hupigwa na mwanamke. Aliyepiga ya Jalila alikuwa Dama, wa Utange. Dama hakusifiwa kwa uhodari wa kamera, wako waliomzidi. Alisifiwa kwa amana. Desturi yake ilikuwa kumkabidhi mama wa biarusi nakala moja tu, kwenye flashi, kisha kuifuta kamera yake hapo hapo mama akishuhudia, ili kisibaki kitu cha kuibwa wala kuvujishwa. Kina mama walimpenda kwa hilo kuliko kwa picha.

Watu walimwambia Mwanasaumu, leo usipike, leo wewe ni mama wa biarusi. Akakubali. Akamtafuta mpishi mwingine, akavaa gauni la zari, akajitia udi, akaketi mbele. Basi harufu ikamfikia. Wali ulikuwa unashika chini. Mimi nilikuwa nje na wabeba maji, nikamwona anatoka na buibui juu juu, viatu mkononi, anasema anaangalia mara moja tu anarudi. Akamnyang'anya yule mpishi mwiko. Akapunguza makaa, akageuza, akamwagia maji ya moto pembeni. Na akiwa ameinama juu ya sufuria, ndani vikapanda vigelegele virefu, vya kupokezana.

Niliuona uso wake. Alisimama na mwiko, akasikiliza. Kisha akasema taratibu, "Pakueni."

Aliporudi ndani, Jalila alikuwa ameshaketishwa, ametazamwa, ametunzwa, na somo wake amemtoa kumpeleka kwa mumewe. Wali ulisifiwa mpaka wiki ya pili. Na dada yangu alijipoza kwa neno moja, kwamba hapana neno, Dama amepiga yote, atamwona mwanawe akiingia.

Dama alileta flashi siku za fungate. Mvua ilikuwa kubwa siku hiyo, ikawa imetufukuza barazani sisi wanaume, mimi na jamaa wawili wa Mansur, tumejazana sebuleni na vikombe vyetu. Kutufukuza tena mvuani Mwanasaumu aliona haya. Dama naye alikuwa na haraka, kuna harusi nyingine inamngoja. Basi dada yangu akafanya alivyoona ni busara. Akaitundika leso yake juu ya skrini, ikaifunika gubigubi, ndipo akafungua. Ikatoka taarabu, vikatoka vigelegele, sauti za wanawake wakitaniana. Sisi tukainamisha vichwa kwa adabu. Akasikiliza kidogo akitabasamu, akazima, akamwambia Dama, "Yumo mwanangu. Futa, Mungu akubariki." Dama akafuta kamera yake mbele yetu.

Wallahi hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba sauti na picha ni vitu viwili, na kwamba vinaweza kuachana.

Hata baada ya hapo hakuitazama. Jalila alimwekea nadhiri, tuseme. Alimwambia, usiangalie peke yako mama, nitakuja siku ya nafasi tuangalie sote wawili, nikucheke utakavyolia. Alikuja mara nyingi, lakini kila akija lilikuwapo la kufanya, mara nazi za kukuna, mara mgonjwa wa kutazamwa. Kisha akashika mimba. Mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao kujifungua, naye alirudi, miguu imevimba, akawa wa kulala tu. Wakasema wataitazama akishajifungua, na mtoto mapajani.

Jalila hakutoka hospitali. Wala mtoto. Tuliwazika pamoja, na hayo mengine nitayaacha, kwa kuwa kalamu yangu haina nguvu hiyo.

Baada ya arubaini nilipita Mtongwe alasiri moja, nikabisha hodi, sikuitikiwa. Ndani nasikia taarabu na vicheko vya wanawake. Nikastaajabu, furaha gani tena nyumba hii? Nikatia kichwa mlangoni. Dada yangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mbele ya kompyuta. Skrini ilikuwa nyeusi kama chungu. Nikarudi nyuma upesi nikidhani kuna picha.

"Ingia tu, kaka," akasema. "Hakuna wa kumwonea haya. Hakuna kitu."

Nikaingia. Akanieleza kwamba ameifungua mara nyingi tangu juzi ile, na kila mara ni vivyo hivyo, sauti inakwenda na picha haiji. Hata kale kamstari ka chini kanatembea kuonyesha video inaendelea. Maneno ya Kiingereza hujitokeza, naye Kiingereza hakukijua, alisoma Kurani na Kiswahili basi. Akanirudishia nyuma sehemu moja nisikilize. Kwanza vigelegele vile virefu. Vikapungua. Kisha sauti ya Jalila, karibu kabisa, ya kunong'ona lakini inasikika, "Mamangu yuwapi?" Na sauti ya somo wake ikamjibu, "Yu jikoni na masufuria yake." Halafu kimya, pumzi mbili tatu hivi. Kisha ngoma ikaendelea.

"Hapo," Mwanasaumu akasema. "Hapo kwenye kimya. Nataka kumwona hapo uso wake. Akinuna nijue nilimvunja moyo. Akicheka nijue alinisamehe. Sitaki kingine."

Tukaanza kuhangaika. Fundi wa kwanza alikuwa hapa hapa Likoni, jirani na soko. Akasema iache, nitaiangalia. Mwanasaumu akamwuliza utaiangalia nini? Akasema si nitacheza video nione inakataa wapi. Dada yangu akafunga mashine kwenye shuka akaondoka. Wa pili alisema atafumba macho, na Mwanasaumu akamwambia mwanangu, umefungua duka la kutengeneza au la kucheza kibe? Wa tatu alikuwa mwenye kusali, akakataa mwenyewe kabla hajaulizwa, akamtakia subira.

Nikaenda mpaka Utange kwa Dama. Maskini, alipolisikia jambo alikaa chini pale mlangoni pake. Akasema kamera ile ilikuwa mpya wakati ule, ameanza nayo harusi ile ile, na kweli kuna mama mwingine aliwahi kulalamika. Ya Jalila kwenye kamera imefutwa, na juu ya nafasi ile zimepita harusi za watu wengi. Nikamwuliza kama anakumbuka uso wa Jalila pale alipomwulizia mamake. Akasema anapopiga, jicho lake huwa linatafuta mwanga, halitafuti mtu. Somo naye nilikuwa nimeshamwuliza. Yeye wakati anajibu alikuwa ameinama, akiupanga mkia wa gauni.

Nikirudi kutoka kwa Dama nikamkumbuka Gedion. Babake, Mutua, tulikuwa naye zamu moja kule ghalani Changamwe, Mkamba mmoja mpole, tukigawana ndizi usiku kucha. Kijana wake alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta kando ya barabara ya Bamburi. Nikamweleza kisa chote nimesimama. Akanivutia stuli, akaniuliza vitu vya ajabu, skrini ni nyeusi au ni kijani, sauti inakatika au haikatiki. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili chao cha bara, kwamba flashi haijaharibika na picha iko.

"Video haikai vile ilivyo, mzee. Inakunjwa ndio itoshee. Sasa kila kamera inakunja na njia yake, na kompyuta lazima ijue hiyo njia ndio ikunjue. Hiyo ndio tunaita kodeki. Sauti yenu imekunjwa kizamani, mashine inaijua. Picha imekunjwa kisasa. Mashine ya mama ni ya zamani, haijawahi kufunzwa."

Jumapili alipotoka kanisani nikavuka naye feri. Alifika Mtongwe na tai yake ya kanisani, akamwamkia dada yangu shikamoo vizuri, akaambiwa marahaba mwanangu, na nikamweleza Mwanasaumu yale maneno ya kukunja na kukunjua. Akayaelewa mara moja. Akasema kumbe ni kama kilemba, kila mtu hufunga chake, na asiyejua kilivyofungwa atakivuta tu mpaka kichanike.

Kompyuta mpya ya mtu mwingine hakuitaka, isije ikabaki na harusi ya mwanawe, kwa hiyo likabaki lile lile la kutazama. Gedion akajikuna kichwa. "Lakini mama, nitatengenezaje kitu sikioni?"

"Mimi nimepika harusi za watu miaka yote sizioni," Mwanasaumu akamjibu. "Na wali ulikuwa unaiva."

Gedion akanitazama, mimi nikatazama dari. Kisha akavua tai, akaitia mfukoni, akasema sawa, tujaribu.

Tukaigeuza skrini ile nzito, uso ukaelekea ukutani, na Mwanasaumu akaketi huko kwenye uchochoro baina ya ukuta na meza. Gedion akaketi upande huu, anatazama kisogo cha mashine, kibodi mapajani kwa waya wake mrefu. Mausi akaishika dada yangu. Mimi nikawekwa mlangoni, sijui nalinda nini. Neno la kwanza la Gedion likawa kwamba kitu ni kimoja tu, kwa hiyo hakiguswi kabla hakijanakiliwa. Mwanasaumu akasita, nakala mbili zilikuwa kinyume na ahadi. Gedion akamwahidi kwamba ya pili itafutwa, na akamfundisha kuinakili kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha akatoa flashi yake, yenye programu aliyoipakua kibandani. Akawa anauliza, naye anajibu.

"Unaona nini mama?"

"Naona kile kinyago chekundu cha barabarani, chenye mistari myeupe. Wanachoweka wakichimba njia."

"Hicho hicho, ndiyo programu yenyewe. Kibonyeze mara mbili."

"Nikibonyeze? Na kikifunga njia?"

Gedion akacheka mpaka kibodi ikamponyoka. Mara nyingine lilitokea neno la Kiingereza, ikabidi amsomee herufi moja moja kama mtoto wa chuo cha Kurani, naye Gedion anazipanga hewani kwa kidole. Akakosea, akarudia. Nilimsikia dada yangu anajisemea kwamba ndiyo masomo haya, angeyajua mapema angemkatalia mwanawe kuyasoma peke yake.

Ikaanza taarabu. Kisha dada yangu akashika ukuta, nikauona mkono wake tu ukitokeza juu ya meza.

"Naona rangi," akasema. "Viraka viraka. Kijani. Kama sakafu ya msikiti. Naona... naona mkono. Mkono una hina. Ni wa Jalila huu, pete ni ile." Akangoja. "Umesimama. Hausogei, Gedion. Sauti imeshafika kwenye chakula, na mkono ungali mlangoni."

Gedion akamwambia azime. Akaeleza kwamba sasa mashine inajua kukunjua, ila ni mzee kama Mzee Mbwana hapa, ndiye mimi, kazi inaijua na mwendo haina. Dawa ni kuikunja video upya, kwa ule mkunjo wa kizamani ambao mashine inauweza. Ni kazi ya pole pole, itachukua mchana wote, lakini haihitaji mtu kutazama. Mwanasaumu akasema basi hiyo ni supu ya mifupa. Gedion akasema ndiyo, na moto usizimike.

Ikawashwa. Baada ya muda mashine ikaanza kunguruma na kutoa joto, na Gedion alipoweka kiganja ubavuni akakunja uso. Feni ya ndani ilikuwa imekufa. Ikichemka itajizima, na ikijizima tutaanza upya. Kabla hajamaliza kusema, dada yangu alikuwa ameshakwenda jikoni, akarudi na kipepeo chake cha ukili, kile cha kuchochea makaa. Tukaifungua mashine ubavu. Akaketi chini kwenye jamvi, akaipepea.

Aliipepea adhuhuri. Nikamwambia nikupokee, akasema mkono wangu hauna kipimo. Gedion akalala barazani na viatu vyake vya kanisani. Mimi nikatoka, nikazunguka mpaka gati la zamani, nikarudi, nikamkuta yuko vile vile, jasho linamtiririka, midomo inasoma dua. Nilipomtazama hivyo nilijua simwoni mtu anayetengeneza mashine. Nilimwona mama kando ya kitanda cha mwenye homa.

Alasiri ikaita kengele ndogo. Gedion akaamka, akauliza, akajibiwa, akasema imeiva. Akamwelekeza pa kubonyeza, kisha sisi wawili tukatoka, tukafunga mlango, tukaketi barazani.

Ikaanza. Maneno yale niliyajua kwa moyo kufikia hapo. Vifupi vifupi, wageni wa bwana. Makofi, somo. Kisha vikapanda vile virefu, vikapokezana, na kule ndani nikasikia kitu kama kiti kinasukumwa. Vikapungua. Ikaja sauti ya Jalila, "Mamangu yuwapi?"

"Nipo," Mwanasaumu akamjibu kule ndani. "Nipo hapa mwanangu. Nimekuja."

Somo akasema yake. Kikafuata kile kimya. Gedion aliinamisha kichwa akayafunika macho yake, kijana wa watu, ambaye Jalila hakuwahi hata kumwona.

Video iliendelea mpaka mwisho. Mwanasaumu alitoka baadaye sana, ameosha uso, na sinia ya chai na mahamri. Gedion akamwuliza, kwa upole, iko sawa mama? Akasema inaonekana, Mungu akulipe. Mimi nikangoja. Kisha nikamwuliza uso ulikuwaje. Akanimiminia chai. Akasema kunywa, kaka, inapoa.

Hakulia mbele yetu tangu siku hiyo, wala hakucheka sana. Alichobadilika ni kimoja. Katika harusi ya mjukuu wa jirani pale Mtongwe, viliposikika vigelegele virefu, aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akaingia ukumbini na leso zake za moshi, akasimama nyuma ya watu akamtazama biarusi wa wenyewe. Wali uliungua. Watu walisema Mwanasaumu amezeeka. Akaingia na harusi iliyofuata pia, na polepole wakaacha kumwita.

Mwaka juzi moyo wake ulianza kuchoka. Aliponiona nimeanza kumtembelea kila siku akajua daktari ameniambia nini. Akanituma nikamlete Gedion. Gedion alikuja, sasa ana ndevu na watoto, akakalishwa pale pale nyuma ya kisogo cha mashine, na kibodi mapajani. Dada yangu akaketi uchochoroni kwa taabu. Akamwambia safari hii nielekeze kufuta.

Gedion akakataa kwanza. Akamwambia mama, hii ikienda hairudi, na ile ya flashi na ile nakala nyingine ulishazifuta mwenyewe. Nami nikaingilia. Nikamwambia, mashine itakuwa kwangu, dada, na unanijua, sitaifungua.

"Najua hutaifungua," akasema. "Lakini nawe utakufa, kaka. Kisha itakuwa ya nani?"

Kabla hajabonyeza nikamwomba kitu kimoja. Nikamwuliza tena lile la kwenye kimya. Niliuliza taratibu, kama mtu anayeomba maji. Mikono yake ilitulia juu ya mausi. Nilikuwa naona nywele zake tu, nyeupe, juu ya skrini. Kisha nikasikia bonyezo moja, na jingine, na Gedion akauliza unaona nini mama, naye akasema sioni kitu.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Mashine ninayo, imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma Jalila, na ndani yake hamna harusi yoyote. Nikiamka asubuhi huiondoa vumbi, kisha nashika fimbo yangu natembea, na kila ninakofika, Kisauni au Changamwe, swali langu ninalo.

Jalila alipoambiwa mamake yu jikoni, alicheka au alinuna?